Kijiji chetu kilipata alama za juu za kustahimili maafa, korongo lilipojaa wazee wa nyumba nne wakasahaulika. Tupime vipi kwa haki?

Mwana Bubu ameandika:

Mbukwenyi wakuu, na wengine wote habari za saa hizi. Naombeni mawazo yenu, hili jambo linaninyima usingizi na safari hii sitaki tulifanye juu juu.

Mimi ni katibu wa kamati ya maafa ya kijiji, tuko huku Bahi, Dodoma, upande wa mto Bubu. Anayeijua Bahi anajua maisha yetu, mwaka huu jua linawaka mpaka mtama unajikunja shambani, mwaka unaofuata maji yanakuja usiku yanafunika majaruba ya mpunga na njia ya zahanati yote inakuwa mto. Na mara nyingi hayo maji hata sio ya mvua yetu, inanyesha huko juu Kondoa sisi huku nyota zinaonekana kabisa, halafu saa nane za usiku unasikia korongo linanguruma.

Sasa kabla ya msimu uliopita walikuja watu wa mradi na fomu ya kupima ustahimilivu wa jamii. Maswali yenyewe ni kamati ipo? Ipo. Inakaa vikao? Inakaa, mihtasari hii hapa. Watu wangapi wamepata semina? Mpango wa maafa upo? Upo kwenye faili. Tukajumlisha tukatoka na alama za juu, tukapigiwa makofi, na mimi nilifurahi sana siku ile.

Mvua zikaja, korongo likapanda usiku. Kitongoji cha ng'ambo walipigiana simu, wakahamisha watoto na mbuzi, wako salama. Lakini kule chini kabisa kuna nyumba nne za tembe, wanaishi wazee watupu, mmoja haoni vizuri, simu hawana. Hakuna aliyewafikia. Vijana walivuka kwa kamba asubuhi wakawakuta wamekaa juu ya paa la udongo, wamenyeshewa usiku kucha. Namshukuru Mungu hakuna aliyekufa, ila nyumba mbili zililainika zikaanguka kesho yake na chakula chote cha ndani kikaenda.

Nimeirudia ile fomu mara tatu. Hakuna swali hata moja ambalo lingewaona wale wazee.

Mtendaji amekubali tupime wenyewe upya kabla ya Novemba. Swali langu, tuulize nini na tuhesabu nini ili tujue kweli kama kijiji kinaweza kuhimili, iwe ukame iwe mafuriko? Na tukishajua tunaanzia wapi maana hela ya kijiji mnaijua.

---

Jembe la Mvumi:

Pole sana katibu, na nakushukuru kwa kuliweka wazi.

Mi ni mkulima tu, Mvumi huku Chamwino. Kwa upande wa ukame nakwambia hivi, usije kumpima mtu mwezi wa sita au wa saba, amevuna, kihenge kimejaa, atakujibu yuko vizuri na ni kweli yuko vizuri siku hiyo. Njoo Januari na Februari, akiba imekata na mahindi mapya bado hayajabeba. Hapo ndio utajua.

Kipimo changu mimi ni mnada. Naangalia mbuzi mmoja wa kawaida ananunua debe ngapi za mahindi. Mwaka mzuri unauza mbuzi mmoja unarudi na madebe yako na hela ya chumvi na sabuni inabaki. Mwaka mbaya kila mtu anaswaga mbuzi wake siku moja, bei ya mbuzi inaporomoka na mahindi yanapanda siku hiyohiyo, unakuta mbuzi yuleyule hakupi hata nusu. Hiyo unaweza kuiandika kila wiki kwenye daftari bila semina yoyote, na inaanza kushuka mapema kabisa kabla watu hawajaanza kulala njaa.

Halafu angalia mtu ameuza nini. Akiuza kuku anapambana. Akiuza mbuzi dume bado yumo. Akianza kuuza mtama ukiwa shambani bado mbichi, shida imeingia ndani. Akifika kuuza plau na maksai au kung'oa bati la nyumba, huyo hata mvua ikija nzuri mwakani hatalima, atakuwa kibarua kwenye mashamba ya wenzake wakati wa kwake linaota majani. Nimeyaona kwa ndugu yangu wa damu na mpaka leo hajarudi alipokuwa.

---

Takwimu Dada:

Kaka Mwana Bubu asante kwa hii mada, na Jembe la Mvumi nakuunga mkono mia kwa mia, ulichokisema kwenye kazi yetu kinafanyiwa warsha za siku tatu.

Mimi nafanya kazi za utafiti wa kaya kwa hiyo naongezea upande huo. Fomu yenu ilipima maandalizi ya kamati. Ni kitu halali, ila sio ustahimilivu. Ustahimilivu ni mambo mawili, kaya ilianguka kiasi gani baada ya pigo, na ilichukua muda gani kusimama tena. Kwa hiyo kupima mara moja hakukupi jibu, lazima upime kaya zilezile zaidi ya mara moja. Mkishavuna, mwezi wa njaa, na baada ya mafuriko yakitokea. Ukichora mstari wa kila kaya utaona nani alishuka akapanda na nani alishuka akabaki hukohuko.

Kwa chakula kuna kipimo rahisi kinatumika dunia nzima na mnaweza kukifanya na daftari. Unauliza maswali matano ya siku 7 zilizopita, kwamba ni siku ngapi mlifanya hivi. Siku mlizokula chakula msichokipenda kwa sababu ndio rahisi, hizo zinabaki kama zilivyo. Siku mlizokopa chakula au kuomba kwa ndugu unazidisha mara 2. Kupunguza kipimo kwenye sahani mara 1. Watu wazima kujinyima ili watoto wale mara 3, hiyo ndio nzito kuliko zote. Kupunguza idadi ya milo mara 1. Unajumlisha. Mfano kaya imekula chakula duni siku 4, imekopa siku 2, mama na baba wamejinyima siku 1, ni 4 na 4 na 3, jumla 11. Juu kabisa inafika 56. Namba ikiwa kubwa hali ni mbaya. Peke yake haikwambii mengi, ila kaya iliyokuwa na 3 mwezi wa saba ikafika 25 mwezi wa pili, na mwezi wa saba unaofuata bado iko 15, hapo umeuona udhaifu wenyewe kwa macho.

Kwa mafuriko kuna mfumo mwingine unatumika nchi nyingi, unaangalia mitaji mitano ya jamii, yaani watu wenyewe na ujuzi wao, uhusiano wao, mazingira ya asili, miundombinu, na fedha. Umegawanywa vipengele 44. Msivichukue vyote mtachoka, ila lile wazo la mitaji mitano linasaidia msije mkapima hela na majengo tu mkasahau kwamba jirani naye ni mtaji.

Na tafadhali sana, msichague kaya kwa kuangalia zilizo karibu na ofisi ya kijiji. Chukua daftari la wakazi pigeni kura ya bahati nasibu, halafu ongezeni kwa makusudi zile za mwisho kabisa, mabondeni, wajane, wenye ulemavu, wazee wanaoishi peke yao. Na msitoe wastani wa kijiji peke yake. Wastani ndio uliowaficha wale wazee wako.

---

Mwana Bubu:

Dada umenifungua macho, nimeshaandika yote. Ila nina hofu moja. Huku mtu akiona umeshika kalamu na daftari anajua ni TASAF, ile hela ya kaya maskini, au chakula cha msaada kinakuja. Atasema hana kitu hata kama ana ng'ombe kumi kwa shemeji yake. Na wengine kinyume chake, wanaona aibu kusema watoto wamelala njaa. Hapo tunafanyaje?

---

Mama Uwele:

Mwanangu hilo halina dawa moja. Mimi ni mweka hazina wa kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, mwaka wa tisa sasa. Kwanza semeni kwenye mkutano mkuu wa kijiji, mbele ya watu wote, kwamba hii haileti mahindi wala hela, na mseme inaleta nini. Pili mambo ya jikoni wanawake waulizwe na wanawake, mwanaume hajui kama mkewe jana hakula, anaona sahani yake imejaa anajua nyumba imekula. Tatu majibu yarudishwe kwa wenyewe. Watu wamechoka kuulizwa maswali na watu wanaoondoka nayo kwenye gari.

Halafu niseme la vikoba, maana kila mradi ukija unahesabu vikoba unaandika jamii ina akiba. Kikoba kinasaidia sana mtu mmoja akiuguliwa au akifiwa, wengine thelathini tunambeba. Lakini maji yakitupiga wote usiku mmoja, au mvua zikigoma kwa wote, kila mwanachama anakuja na shida ileile wiki ileile na hakuna wa kumrudishia mwenzake. Mwaka mmoja sanduku letu lilikauka kwa wiki mbili, marejesho yakasimama, tukakaribia kuvunja kikoba kwa ugomvi. Kilichotuokoa ni wenye watoto Dodoma mjini na Dar, walituma kwenye simu. Kwa hiyo ukihesabu vikoba hesabu na hili, kaya ina mtu nje ya kijiji ambaye ikimpigia leo atatuma kitu? Asiye na mtu huyo mwekee alama nyekundu hata kama ana ng'ombe.

---

Babu Gulwe:

Vijana nimesoma yote nimefurahi. Mimi niko Mpwapwa, njia ya reli. Sisi huku mto Kinyasungwe tunaujua vizuri. Desemba 2009 kuingia Januari 2010 maji yalikuja yakasomba tuta la reli ya kati huku kwetu mpaka Kilosa, treni zikasimama miezi. Watu wa mbali waliona ni habari ya reli tu. Sisi tuliona soko limekufa, aliyekuwa anauzia abiria kuku na vitunguu stesheni alikaa bila hata shilingi, na nyumba yake maji hayakuigusa kabisa. Nasema hivyo ili katibu usipime waliolowa tu. Muulize mtu, njia ikikatika mwezi mzima utaishi na nini.

Na nyie Wagogo mnajua habari ya Mtunya, ile njaa kubwa ya vita ya kwanza ya Wajerumani na Waingereza, mwaka 1917 mpaka 1920. Wazee wetu walitusimulia vizuri. Mvua ilikosekana, ni kweli, lakini kabla ya hapo majeshi yalikuwa yamechukua ng'ombe na nafaka, na wanaume wamechukuliwa kubeba mizigo ya vita. Ukame ulikuta nyumba haina akiba wala mwanaume wa kulima. Ukame huu wa Ugogo upo toka enzi, babu zetu waliuzoea, walipanda uwele na mtama, waligawa ng'ombe kwa marafiki wa mbali ili wasife wote sehemu moja. Kilichowamaliza ni kunyang'anywa vile vitu vilivyokuwa vinawabeba. Kwa hiyo kwenye daftari lako weka swali la nini kimeondoka kwenye kijiji miaka hii kumi. Mbegu gani hatupandi tena, miti gani tumechoma mkaa, nani alikuwa anagawa ng'ombe na sasa hagawi.

Mwisho kuhusu wale wazee. Usisubiri mafuriko ili ujue taarifa inafika. Siku ya kawaida, mwambie mtendaji apige simu moja tu ya majaribio jioni, nyie mkae na saa kwenye ile nyumba ya mwisho kabisa. Dakika ngapi? Hiyo ndio alama ya kijiji chako.

---

Kijana wa Makulu:

Wakuu naheshimu michango ila mnanipa wasiwasi kidogo. Hii lugha ya ustahimilivu inaweza kutumika kumwambia mwananchi "jikaze mwenyewe". Mzee yupo korongoni kwa sababu huko ndiko alikopata kiwanja, daraja la waenda kwa miguu halipo, barabara ikikatika inakaa hivyo mpaka kiangazi. Halafu unakuja kumpima ana ustahimilivu kiasi gani? Kipimeni na upande wa pili. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeweka kamati kuanzia taifa mpaka kijiji na mtaa, basi andikeni kijiji kiliomba nini wilayani, lini, kikajibiwa nini na baada ya siku ngapi. Hata ule mpango wa Sendai wa kupunguza maafa wa 2015 mpaka 2030 ambao nchi zimekubaliana, lengo lake la saba ni tahadhari ya mapema iwafikie watu. Iwafikie, sio itolewe.

Kwenye hilo tuongelee na utabiri. TMA, watu wa hali ya hewa, wanatoa angalizo, tahadhari, na tahadhari kubwa, ni maneno matatu yenye uzito tofauti. Nendeni mkaulize watu kumi kijijini tofauti yake. Na msimu wetu wa Novemba mpaka Aprili ukitabiriwa "wastani hadi chini ya wastani", mkulima afanye nini na hiyo sentensi? Mtu akae na afisa ugani aigeuze iwe ushauri, mwaka huu punguza mahindi ongeza uwele, panda mapema, vuna maji. Ndio inakuwa tahadhari.

---

Takwimu Dada:

Kijana wa Makulu umesema kweli, na mimi nitaanza kuweka hiyo safu ya maombi na majibu kwenye kazi zangu.

---

Nesi wa Kondoa:

Samahani naingia kwa upande wa afya. Mmesema kihenge kikiwa kimejaa ni dalili nzuri. Ndio, lakini angalieni kilichojaa ndani. Mwaka 2016 huku kwetu Kondoa, Chemba na jirani zetu Kiteto, watu waliumwa macho ya manjano na matumbo kuvimba, ikaja kugundulika ni sumukuvu kwenye mahindi yaliyohifadhiwa nyumbani. Waliougua 68, walikufa 20, na watoto walikuwemo. Hao walikuwa na akiba ndani. Chakula kilikuwepo, na ndicho kilichowaua.

Kwa hiyo kwenye kupima akiba ongezeni maswali mawili, mmeanikia wapi, chini kwenye udongo au juu ya turubai, na mmehifadhi kwenye nini. Mahindi yakiingia ghalani hayajakauka ukungu unaotoa hiyo sumu unaota humohumo. Yakauke vizuri kabisa, yachambuliwe punje zilizovunjika na zenye ukungu zitolewe, ndipo yaingie kwenye mifuko ya kinga njaa ile isiyopitisha hewa. Na mahindi yaliyolowa na mafuriko msiyaanike mkayala kwa sababu mnaona huruma kuyatupa. Najua inauma. Mtama na uwele vinastahimili ukame vizuri kuliko mahindi lakini navyo vikihifadhiwa vibaya vinaharibika.

---

Jembe la Mvumi:

Nesi hilo la kuanika juu ya udongo ni nyumba kwa nyumba huku. Kesho naanza na kwangu.

---

Fundi Tofali:

Msisahau matetemeko, tuko ukanda wa Bonde la Ufa. Novemba 2002 Dodoma ilitikisika mpaka kuta zikapasuka. Tembe lenye paa zito la udongo juu ya nguzo zilizoliwa na mchwa ni hatari kwa mafuriko na kwa tetemeko vilevile. Mkipita kwenye kaya angalieni na nguzo.

---

Mwana Bubu:

Wakuu nimerudi baada ya wiki tatu, nimeona sio vizuri kunyamaza wakati mmenisaidia hivi.

Tulifanya jaribio la Babu Gulwe. Jumatano saa kumi na mbili jioni mtendaji akapiga simu moja kwa mwenyekiti wa kitongoji, mimi nimekaa kwa yule bibi asiyeona vizuri na saa mkononi. Saa moja ikapita. Saa moja na nusu ikapita, tukala mlenda na ugali wa uwele. Saa mbili na robo nikaondoka, hakuna aliyekuja. Kufuatilia nikakuta ujumbe ulifika kwenye grupu la wasapu dakika nne tu baada ya simu, watu wakaweka alama ya dole gumba, kila mmoja akidhani mwingine atatembea.

Tumekaa na watu wa kitongoji, sio kamati, watu wenyewe. Kila nyumba isiyo na simu imepewa nyumba moja inayowajibika nayo kwa jina, mwanafamilia anatajwa. Filimbi mbili zimenunuliwa, shilingi zilitoka mfukoni kwa mwenyekiti. Tumepata kijana wa bodaboda huko juu karibu na daraja, upande wa Kondoa, amekubali kutupigia maji yakifika kwenye nguzo ambayo tumepatana naye. Anatumiwa vocha na kikoba cha Mama fulani huku kwetu, nae hakutaka hela nyingine.

Jaribio la pili, dakika 35 mpaka nyumba ya mwisho. Bado ni nyingi maana maji yakitoka hapo darajani sijui kama yatatusubiri hivyo, tutalirudia tena mwezi ujao mara mbili na moja itakuwa usiku wa manane bila kutangaza.

Maswali matano ya dada Takwimu tumeyauliza kaya 40, ishirini za kura na ishirini za pembezoni. Waliouliza jikoni ni wanawake watatu wa kikoba. Sitayaweka hapa kwanza mpaka yasomwe kwenye mkutano mkuu maana ni ya wenyewe. Nyumba ambazo hazina mtu wa kumpigia nje ya kijiji ni nyingi kuliko nilivyodhani, na tatu kati yake ni za wajumbe wa kamati yangu. Barua ya kivuko imekwenda wilayani na tumebandika nakala ukutani yenye tarehe, chini yake tumeacha nafasi ya kuandika siku tutakayojibiwa.

Yule bibi nilimuuliza filimbi ikilia usiku atafanyaje. Akasema mjukuu wangu, filimbi nitaisikia, ila njia ya kupanda kwa jirani ina mashimo na mimi usiku sioni hata mkono wangu. Jumamosi tunaenda kuifukia ile njia na kuweka kamba ya kushikia kutoka mlangoni kwake mpaka kwa jirani. Mwenye katani nzuri ya kusokota naomba anijulishe.